Mabega ya Wabeba Ingobyi

Zamani kwetu Gashonga, nchini Rwanda, mgonjwa alibebwa begani. Alilazwa kwenye ingobyi, machela ya kusukwa yenye miti, wanaume wanne wakaingia chini yake na wengine wakafuata nyuma ili wapokezane, vilima kwa vilima hadi Mibilizi, walikofungua misheni Mapadri Weupe mwaka 1903. Katika hospitali ya huko mgonjwa alipokelewa. Wabebaji walikunywa maji, wakarudi zao.

Sisi watoto tulisifu nguvu zao, migongo yao hatukuitazama. Jirani yetu mmoja, mbebaji hodari, alizeeka kombe la bega lake la kulia likiwa limechomoza kama bawa. Akisukuma mlango, ukingo wa kombe uliinuka hata vidole vingeweza kupenya nyuma yake. Tukasema ni uzee.

Haukuwa uzee. Msuli unaolibana kombe ubavuni unaendeshwa na neva moja ndefu, nyembamba, inayotoka shingoni na kuteremka kando ya mbavu. Nyingine, inayosaidia kuuinua mkono, hupenya kijipengo kilicho ukingo wa juu wa kombe, chini ya kano. Ateri yake hupita juu ya kano hiyohiyo. Na mti wa ingobyi ulikaa hapohapo, kati ya shingo na bega, safari nzima.

Linaloniuma zaidi ni hili. Damu ina njia za pembeni: ateri zinazotoka chini ya shingo huungana na za kwapani kulizunguka kombe, hivyo moja ikiziba mkono bado unaweza kulishwa. Neva haina njia ya pili. Ikiminywa, msuli wake hulegea. Mzigo ukiondolewa mapema, mara nyingi hupata nguvu tena baada ya miezi. Mzigo ukiendelea, msuli hunyauka. Kitabu cha Henry Gray kilichotoka London mwaka 1858 kilikwisha kuzieleza neva hizi, kabla misheni yetu haijajengwa.

Leo tunapiga 912 gari la wagonjwa likaja, na mituweli, bima yetu ya afya, inasaidia kulipa. Nashukuru kwa dhati. Lakini magunia ya kahawa na mifuko ya saruji bado inapanda vilima begani mwa vijana wetu. Kijana, mkono ukianza kukataa kupanda juu, tua mzigo, nenda kituo cha afya, vua shati, sukuma ukuta kwa mikono miwili, na umwombe muuguzi autazame mgongo wako.