Tulipouza Gari la Wagonjwa



Wapendwa wanaparokia, wiki hii wengi wenu mmetuuliza liko wapi lile gari la kijivu lililozoea kuegeshwa chini ya mwembe, kando ya nyumba ya mapadre. Tumeliuza. Tungependa kuwasimulia jinsi tulivyoliuza, kwa kuwa katika kuuza huko nusura tuanguke, na huenda nanyi mnacho kitu cha kuuza.

Lilikuwa Morris Minor 1000, gari dogo la Kiingereza lenye mgongo wa mviringo. Magari hayo yalianza kuuzwa mwaka 1948, na ndiyo ya kwanza ya Uingereza kufikisha milioni moja. Mbunifu wake, Alec Issigonis, alipoliona gari la majaribio kuwa jembamba mno, aliagiza likatwe katikati na kuongezwa upana wa inchi 4. Ndiyo sababu boneti yake ina mkanda bapa katikati. Letu tuliachiwa na mjane mmoja wa parokia hii, kwa sharti moja tu: lipeleke Sakramenti kwa wagonjwa.

Nalo lilipeleka. Ulipowasha ufunguo, pampu ya petroli iligonga tik-tik-tik hadi kabureta ijae, kisha ikanyamaza. Asubuhi nyingine ilikataa, nasi tukaigongagonga kwa spana mpaka ikaamka. Huko vigangoni mlio wa injini ulitutangulia. Bibi mmoja, aliyekwisha kupofuka, alikuwa akiusikia huomba aketishwe na kufungwa kitambaa kichwani, hata tulipofika tulimkuta tayari kumpokea Bwana wake.

Lakini spea zimekuwa adimu, na vigango vya mlimani havifikiki kwa gari hilo mvua zikinyesha. Halmashauri ya walei ilishauri liuzwe, ili katekista anunuliwe pikipiki ya kuwafikia wagonjwa. Jambo hilo tuliliona jema, kwani sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, inadai kwamba sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu.

Akaja kijana kutoka mjini, anayekodisha magari ya maharusi. Alipoushika usukani alinyamaza kitambo, kisha akatuambia kwamba marehemu baba yake alikuwa na gari kama hilo, na ndilo alilojifunzia kuendesha. Mjumbe mmoja akatunong'oneza: "Baba, huyu hata tukiongeza bei atatoa." Tukaongeza. Kijana akakubali bila kubisha, akaahidi kuleta fedha Jumatatu.

Kulikuwa na jambo ambalo hatukumwambia. Magari ya aina hii yana udhaifu ambao mafundi wanaujua: kiungo cha chini cha gurudumu la mbele huzunguka kwenye hesi, nacho hudai grisi mara kwa mara. Kikiikosa, hesi huliwa kidogo kidogo, na siku moja hung'oka, gurudumu likalala ubavu. Cha upande wa kushoto kilikuwa kimekwisha kulika. Tulikuwa tukienda mwendo wa pole kwa sababu hiyo. Sakafu nayo ilikuwa na kutu, imechomelewa bati na kupakwa rangi nyeusi. Fundi wetu alisema tu: "Baba, hajauliza." Nasi tukalishika neno hilo kama kwamba ni ruhusa.

Usiku ule, katika kuitafiti dhamiri, neno hilo halikutuacha. Tukamkumbuka Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye katika Summa Theologiae ameandika juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua. Anafundisha kwamba kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei iwe ya haki. Bali kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima isemwe, aulizwe au asiulizwe. Kuhusu bei, anakubali muuzaji ahesabu hasara anayoipata yeye mwenyewe kwa kuachana na kitu chake. Asichoweza kuuza ni uhitaji wa mnunuzi, kwa kuwa huo si mali yake.

Tulijiona humo mara mbili. Mapenzi ya kijana kwa baba yake hayakuwa mali ya parokia, nasi tulikuwa tumeyatoza fedha. Na katika kiti cha nyuma tulikuwa tunakwenda kumketisha bibi harusi tusiyemjua, juu ya gurudumu tulilolijua.

Kulipokucha tukampigia simu, tukamweleza yote, na ile nyongeza tukamwambia kwamba haikuwa halali. Alikaa kimya, kisha akasema: "Baba, mngeniambia jana." Hatukuwa na la kujibu zaidi ya kumwomba radhi. Baada ya siku sita alirudi na fundi wake, akalikagua gari uvunguni, akalinunua kwa bei ya chini kuliko ile tuliyoanza nayo, akalibeba juu ya lori.

Kwa hiyo fedha ya pikipiki haijatimia, na katekista wetu angali anapanda mlima kwa baiskeli. Baadhi ya wajumbe wamesikitika, nasi hatuwalaumu. Tumewaomba wavumilie nasi, kwa kuwa upungufu huo ni wetu sote.

Ndugu wapendwa, wiki hii katika jumuiya zenu ndogondogo kuna atakayeuza ng'ombe, simu au kiwanja. Tuulizane kabla ya kupokea fedha: ni kitu gani tunachokijua, ambacho mwenzetu akikijua atasita? Hicho tukiseme kwanza. Na mwenye uwezo wa kumchangia katekista, sanduku liko mlangoni pa kanisa.

Mungu awabariki.

Paroko wenu