Majira ya Kufunga Milango

Ewe msomaji, ikiwa umezaliwa Kwale, Diani au Msambweni, huhitaji kalenda ili kujua mwaka umefika wapi. Upepo hukwambia. Kusi ikivuma kwa nguvu, bahari huchafuka na wavuvi wengi hawavuki mwamba. Ikilegea, huingia demani, maji yakatulia. Kisha upepo hugeuka, vuli ikanyesha, na kaskazi ikafika pamoja na maembe. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyohesabu majira, na hesabu yao yafaa hata leo. Lakini dunia ni pana, na watu wake hawausomi mwaka katika kitabu kimoja. Wako wausomao katika upepo, na wako wausomao katika majani ya miti. Nataka kukusimulia habari za hao wa pili, kwa kuwa nilikwenda kwao kusoma, nikakaa katika mji wa Chicago, Marekani, tangu mwisho wa Agosti mwaka 2019, nikayaona kwa macho yangu majira ambayo sisi hatuna: majira ya majani kupukutika.

Chanzo cha majira hayo ni mwinamo wa dunia. Mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23 na nusu, nayo hulizunguka jua hivyo hivyo ilivyoinama. Kwale iko karibu na ikweta, yapata nyuzi 4 tu kusini yake. Kwa hiyo jua halitufanyii upendeleo wala inda. Mwaka mzima huchwa baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo. Chicago iko nyuzi 42 kaskazini. Huko, mwezi wa Juni jua huchwa yapata saa mbili na nusu usiku, na mwezi wa Desemba huchwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Majira ya majani kupukutika ni daraja baina ya ukarimu ule na ubahili huu. Mwishoni mwa Septemba mchana na usiku hulingana. Tangu hapo mchana hukatwa dakika zipatazo tatu kila siku, kama mkate unaomegwa na mtu asiyeonekana.

Sikuwa mtu wa kwanza wa nchi yetu kufika Marekani katika majira hayo. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda New York, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya wa kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma. Mwaka uliofuata, katika mwezi huo huo wa Septemba, Wangari Maathai alisafiri kwenda kusoma Atchison, katika jimbo la Kansas. Naye ndiye aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Wote hao walifika mlangoni mwa baridi, wakiwa na nguo za nchi ya jua. Nilipokuwa natetemeka kituoni nikingoja treni, niliwakumbuka, nikaona aibu kulalamika. Kwa maana wao hawakuwa na simu ya kumsikia mama kila wiki.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa miti. Mtaa niliokaa, uitwao Rogers Park, una miti mikubwa kando ya njia. Katika mwezi wa Oktoba iligeuka rangi: mmoja wa manjano kama binzari, mwingine mwekundu kama ukaya uliotiwa rangi, na mwingine wa kahawia kama kumbi la nazi. Mgeni asiyejua angedhani miti yote imeshikwa na maradhi. Sivyo. Rangi ya kijani ya jani yatokana na klorofili, nayo ndiyo ipikayo chakula cha mti kwa nuru ya jua. Nuru ikipungua, mti huacha kuitengeneza. Hapo manjano, ambayo ilikuwamo ndani ya jani siku zote ikiwa imefichwa, hujitokeza. Nayo rangi nyekundu, kwa miti mingine, hutengenezwa upya katika siku hizo za mwisho. Kisha mti huziba njia ya maji penye shina la jani, na jani huanguka.

Je, sisi hatujui jambo hilo? Twalijua, ingawa hatulitazami. Mbuyu ulio kando ya njia ya Msambweni hupukutisha majani yake wakati wa ukavu, ukasimama uchi kama umekufa, kisha mvua ikija hurudisha vazi lake. Mbuyu hukimbia kiu, na miti ya Chicago hukimbia baridi; lakini hekima yao ni moja. Kila mmoja huachilia kilicho chepesi ili kuhifadhi kilicho cha asili.

Mimi nilifanya kinyume cha miti: wao walivua, nami nikavaa. Nilikwenda katika duka la nguo zilizokwisha kuvaliwa, nikanunua koti zito la sufu. Huenda umepata kuona makoti ya namna hiyo yametundikwa sokoni Kongowea, ukajiuliza ni nani angeyavaa Mombasa. Basi nami niliuona mtumba kwao, kabla haujasafiri.

Nikiwa na koti langu nilikwenda kuliona Ziwa Michigan, ambalo lilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka nyumbani. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 58,000, na ng'ambo yake haionekani. Lina mchanga, lina mawimbi, na ndege weupe hulia juu yake. Moyo wangu uliruka kwa furaha kama mtu aonaye ndugu. Lakini lilikuwa ndugu wa sura tu. Halina harufu ya chumvi, wala halipwi wala halijai kwa kipimo cha jicho. Kwetu bahari huondoka mara mbili kila siku na kurudi mara mbili, na akina mama hufuata maji yakipwa ili kutafuta pweza. Ziwa lile halimwachii mtu nafasi ya kumfuata. Nilifahamu siku hiyo kwamba ugeni si kukosa vitu vyote. Ni kukutana na vitu vifananavyo na vya kwenu, kisha visikujibu.

Lakini mji hukupa kwa mkono huu ukikunyima kwa ule. Jumapili, Oktoba 13, njia zilifungwa kwa ajili ya mbio ndefu za kilomita 42. Nilisimama kando ya njia miongoni mwa maelfu ya watu, na mbele yetu akapita Brigid Kosgei wa Kenya, peke yake, kama mtu aliyetumwa habari ya haraka. Alimaliza kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4, akaivunja rekodi ya dunia ya wanawake iliyowekwa na Paula Radcliffe wa Uingereza mwaka 2003. Rekodi hiyo ya Kosgei nayo ilivunjwa mwaka 2023 na Tigist Assefa wa Ethiopia. Ndiyo ada ya rekodi. Lakini asubuhi ile watu nisiowajua walinitazama wakatabasamu, kwa kuwa nalipiga kelele kwa Kiswahili. Kwa muda wa dakika chache sikuwa mgeni.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika majira yale nyumba hufungwa. Madirisha huzibwa, milango hubanwa, na watu hupita ngazini kimya, nyuso ndani ya skafu. Kwetu mlango hukaa wazi, na apitaye hupiga hodi hata kama hana haja. Kule hodi ni neno lisilo na nyumba. Mtu aweza kukaa mwaka mzima akitenganishwa na mwenzake kwa ukuta mmoja tu, asilijue jina lake. Usiwahukumu upesi, baridi imewafunza hivyo, na mji mkubwa una hofu zake. Lakini desturi hiyo ina gharama. Mwezi wa Julai 1995 Chicago ilipatwa na joto kali, na watu zaidi ya 700 walikufa. Wengi wao walikuwa wazee waliokaa peke yao, nyuma ya milango iliyofungwa. Si joto tu lililowaua. Upweke ulishika mkono wa joto.

Asubuhi ya Oktoba 31, mama alinipigia simu kutoka Msambweni. Vuli ya mwaka ule ilikuwa nzito katika Afrika Mashariki yote, na akaniambia kwamba ukuta wa nyumba ya jirani umeanguka kwa mvua, hivyo jirani na watoto wake wamehamia kwetu. Alilisema hilo kama mtu asemaye kwamba ameteka maji. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, jirani zako hawajambo?" Nikajibu kwamba hawajambo. Lakini nilipokata simu, swali lake halikukatika.

Siku ile theluji ilianguka, mapema kuliko ilivyozoeleka, na mabomba yatiayo joto nyumbani mwetu yalikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Jioni yake ilikuwa ya Halloween, sikukuu ambayo watoto huvaa nguo za vinyago na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende. Niliwasikia wakigonga ngazini, nikacheka peke yangu. Kwa maana jioni moja kwa mwaka mji ule wote hupiga hodi, kisha huisahau hodi mpaka mwaka mwingine. Walipokwisha kushuka nilitambua kwamba mlango mmoja haukufunguliwa. Ulikuwa mlango wa bibi mmoja mzee aliyekaa ghorofa ya juu yangu, ambaye tulikuwa tukiinamiana vichwa tu.

Nilipanda, nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, nikasema mimi ni jirani wa chini. Baada ya kitambo mlango ulifunguliwa kidogo. Bibi alikuwa amevaa koti lake ndani ya nyumba, na blanketi juu ya koti, na midomo yake ilikuwa imekauka rangi. Aliniambia kwamba hakuwafungulia watoto kwa sababu hakuwa na kitu cha kuwapa. Nilipomwuliza kuhusu baridi, alisema hakutaka kumsumbua mtu.

Nilimleta kwangu, nikampikia chai ya tangawizi na iliki, viungo nilivyonunua katika maduka ya Wahindi ya njia ya Devon. Alikishika kikombe kwa mikono miwili muda mrefu kabla ya kunywa. Kisha tukafanya lililopasa. Sheria ya mji wa Chicago yamtaka mwenye nyumba awatilie joto wapangaji tangu Septemba 15 hata Juni 1, na mwenye malalamiko hupiga simu namba 311. Bibi aliijua sheria hiyo kuliko mimi. Alilolikosa halikuwa elimu, bali mtu wa kusimama naye. Tuligonga milango mingine mitatu, wapangaji wakatoka, kila mmoja akapiga simu. Siku ya pili yake fundi alikuja, na jioni mabomba yakaanza kuvuma.

Siku tatu baadaye, Jumapili ya Novemba 3, Wamarekani walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama sheria yao itakavyo kila mwaka. Jumamosi jua lilikuwa limechwa yapata saa kumi na mbili kasorobo. Jumapili lilichwa saa kumi na moja kasorobo, na wakati wa sala ya magharibi ukanikuta ndani ya treni ipitayo juu ya nguzo za chuma. Hapo nilifahamu kwamba saa yetu ya Kiswahili ni mtoto wa ikweta. Saa kumi na mbili, ambayo kwetu ni mwisho wa mchana, kule ilikuwa usiku mtupu. Lakini giza lile halikuniogofya tena, kwa kuwa nilijua ni nani akaaye juu yangu, na ni nani akaaye chini. Alhamisi ya Novemba 28, siku yao ya kutoa shukrani, bibi alinialika mezani kwake; nami nikapeleka wali wa nazi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi hudhani methali hiyo yahusu kuku achinjwaye kwa ajili ya mgeni. Mimi naona yahusu zaidi ya hayo. Mgeni huja na macho mapya, naye huuona mlango ambao wenyeji wamezoea kuupita. Nawe, msomaji, huenda siku moja ukaitwa mbali na pwani hii, kwa masomo au kwa kazi. Chukua cheti chako na chukua koti lako. Lakini usiiache hodi nyumbani, kwa maana haina uzito katika mzigo, wala hailipiwi ushuru. Na kama hutasafiri kamwe, tazama hapo ulipo: Ukunda na Diani nazo zinakua, kuta zinapanda, na malango ya chuma yanaongezeka. Baridi si lazima itoke mbinguni ndipo watu wafunge milango.