Nilimwambia mume wangu: mbwa au mimi

Jamani, msinicheke. Mwaka jana nilimpa mume wangu siku 7 achague: mbwa au mimi. Na wala sikuwa natania.

Kwetu Moshi mbwa ni wa nje. Mchana bandani, usiku analinda, basi. Sasa Baba Neema, wiki chache baada ya kupunguzwa kazini, si akapewa Ridgeback na rafiki yake! Ni mbwa wa mawindo, ana mstari wa nywele mgongoni zinazolala kinyume na zingine. Huko kusini mwa Afrika walitumika kumzonga simba mpaka mwindaji afike. Simba, shoga! Mimi nina makochi meupe.

Tukamwita Bosi. Alipotimiza mwaka alikuwa na kilo 38. Alitafuna rimoti, kandambili za watoto na kiatu kimoja cha harusi yangu (cha pili alikiacha, sijui kwa nini). Mkia ukipita mezani, vikombe chini.

Siku ya 6, daktari wa mifugo alikuja kumchoma sindano ya kichaa cha mbwa. Nikamwaga malalamiko yote. Akaniuliza, "Mama, huyu anakimbia saa ngapi?" Nikamjibu, si uani kupo? Akacheka. Mbwa wa aina hii ukimfungia, alisema, nguvu anamalizia kwenye makochi. Anataka saa nzima ya mazoezi kila siku.

Tatizo, Bosi anavuta. Mimi alinibwaga mtaroni, Baba Neema akaburuzwa hadi kwa muuza chapati. Ikabidi twende wawili, kila mtu na kamba yake, saa 11 alfajiri.

Hapo niwe mkweli. Tangu kazi iishe tulikuwa hatuongei, labda "hela ya gesi iko wapi". Kulala, kila mtu na ukuta wake. Asubuhi ya 4 njiani, giza bado, akaniambia bila kunitazama: "Mama Neema, nikirudi mikono mitupu, ni huyu tu anayenikimbilia getini."

Sikuwa na la kusema. Nilishika kamba tu.

Makochi bado yana alama za meno, na zile siku 7 hakuna aliyezitaja tena. Juzi mvua ilinyesha alfajiri, nikajifunika shuka nikasema leo jamani hapana. Kufungua jicho, Baba Neema kasimama mlangoni na kamba mbili na koti langu.