Achari ya Kopo la Zamani

Jumapili, 15 Desemba 2024

Wolfgang Becker amefariki. Habari zilitoka jana. Mwenyewe aliaga Alhamisi, umri miaka 70. Mhariri hata tanga halijaanuliwa kashaniandikia: ataka maneno mia nane juu ya Good Bye, Lenin! na vile wahakiki walivyoipokea, kabla mwaka haujaisha. Nimemjibu sawa. Malipo sikuuliza, na hilo ndilo kosa langu la kila mwaka.

Picha yenyewe nilikuwa naikumbuka vipande vipande, nimeirudia jana usiku. Berlin ya Mashariki, Oktoba 1989. Mama mmoja, Christiane, mwaminifu wa chama, amwona mwanawe Alex akikamatwa na polisi kwenye maandamano. Aanguka pale pale barabarani, azimia miezi minane. Akifumbua macho ukuta umeshavunjwa, serikali yake yakata roho, na daktari amwambia Alex kwamba mshtuko mmoja utamuua. Basi Alex aijenga upya Ujerumani Mashariki ndani ya chumba cha mgonjwa: pazia zile zile, nguo zile zile, mpaka taarifa za habari za televisheni, za uongo, ambazo rafiki yake Denis ampikia kwa kamera.

Haya nayaandika ukumbini, na chumba cha pili Nyanya yuwakohoa. Ana wiki tatu tangu atoke hospitali. Daktari alisema moyo umechoka, asipandishwe presha. Mjomba neno hilo ameligeuza sheria ya nyumba: redio isifunguliwe saa ya habari, bei za soko la Kongowea zisitajwe mbele yake, na aliyefiwa apelekwe uani akalilie huko.

Jumatano, 18 Desemba

Kutwa napekua. Picha ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Berlin, Februari 2003. Hapa kwetu Kenya, Rais Kibaki alikuwa na wiki sita tangu aapishwe Uhuru Park juu ya kiti cha magurudumu, Moi amekwenda zake baada ya miaka 24, na sisi tulikuwa tukiimba kwamba hakuna wa kutugusa. Kule Ujerumani watu zaidi ya milioni 6 waliingia kumbini kuiona. Ikazoa tuzo tisa za Lola, ikawa filamu bora ya Ulaya ya mwaka, Ufaransa wakaipa César, Uhispania wakaipa Goya. Hata wabunge wa Berlin walipangiwa onyesho lao. Natafuta kukumbuka ni lini wabunge wetu waliwahi kuketi saa mbili, kimya, kwa jambo lolote.

Lakini tuzo si mapokezi. Mapokezi ni yale waliyoyagombania wakishatoka nje. Wajerumani wana neno lao, Ostalgie: wamelichukua jina la mashariki wakaliunga na ile hamu ya kale. Kiangazi cha 2003 televisheni zao zilijaa vipindi vya kukumbuka bidhaa na nyimbo za kule, na waliofungwa na dola ile wakauliza, haya, na magereza je, mtayakumbuka lini? Lawama ikaiangukia picha ya Becker: eti nchi ya Stasi, wale polisi wa siri, imefanywa duka la vitu vya kuchekesha. Wengine wakaongeza kwamba Becker mwenyewe ni mtu wa Magharibi, mzaliwa wa Hemer, na mwandishi wake Bernd Lichtenberg ni wa huko huko. Katrin Sass, aliyecheza mama, yeye ndiye aliyekulia Mashariki. Mwaka 2006 ilipotoka Das Leben der Anderen, na majasusi wake wenye vipokea sauti masikioni, kuna walioshusha pumzi.

Mimi naona walalamishi hawa hawakukosea, ila ni kama walichelewa kumbini wakapitwa na dakika za kwanza. Stasi wamo. Wanaume wawili wamekaa nyumbani kwa Christiane wamhoji juu ya mumewe aliyebaki Magharibi, na watoto wasikia. Baada ya hapo mama hatamki neno wiki nane. Mapenzi yake ya chama, ile bidii ya kuwafundisha watoto nyimbo, yote yaanza kimya kile kikishavunjika. Anayeiita picha hii ya kusifu dola na arudi akae na kimya hicho kwanza.

Nimeandika aya nne. Tatu mbovu.

Jumamosi, 21 Desemba

Nyanya kauliza naangalia nini usiku kucha. Nikamwambia kuna Mjerumani mmoja amdanganya mamake.

"Na mamake mgonjwa?"

Mgonjwa.

"Lete nione, mume wangu."

Mjomba alikuwa Mtopanga, harudi mpaka baada ya Isha. Nimemtia mito mitatu mgongoni, kompyuta nimeiweka juu ya meza ya cherehani. Maandishi ya chini ni Kiingereza, nami namfasiria, kazi ya kina DJ Afro bila zile mbwembwe zao. Nyanya amekulia sinema za Naaz na Majestic. Picha za Kihindi aliziona miaka hajui neno la Kihindi, na akilia pale pale pa kulia. Mfasiri amvumilia tu.

Bendera nyekundu zilipojaa barabarani akaniuliza, "Hao wa Seyyid?" Yaani Sultani wa Zanzibar. La, hao makomunisti. "Wa Karume basi." Na hakuwa mbali. Ujerumani ile ilitambuliwa na Zanzibar ya Karume mwaka ule ule wa mapinduzi, 1964, ikaja ikajenga maghorofa Kikwajuni, na dada yake Nyanya kazeekea humo. Asema alipokwenda kumzuru, usiku wa kwanza alilala macho wazi, kwa kuwa hajapata kulala juu ya kichwa cha mtu.

Kisha pakaja pa achari. Christiane atamani matango ya chupa ya Spreewald, na maduka yameshasafishwa, kote zimejaa chupa za Uholanzi. Alex azoa chupa kuukuu jaani, azichemsha, amimina matango ya Kiholanzi ndani. Nimefasiri "achari ya matango". Nyanya kacheka mpaka nikashika kifua, changu mimi.

"Hilo nnalifanya miaka arubaini. Kopo la samli, ndani mafuta ya duka. Wifi yangu kala akisifu samli ya Lamu mpaka kafa, Mungu amrehemu."

Stima zikapotea Alex yuwakimbilia benki na mapesa.

Jumapili, 22 Desemba

Pale pa benki. Tarehe 1 Julai 1990 mark ya Mashariki ilitoweka, ikaingia ya Magharibi. Christiane alikuwa ameficha akiba yake ndani ya kabati, watoto hawajui, na kabati wameshalitupa nje na samani nyingine za kizamani. Alex azipata noti zile, elfu 30, afika dirishani aambiwa muda umepita. Azipeleka juu ya paa azirushe kwa upepo.

Wahakiki niliowasoma hapa wapita mbio, sentensi moja, kichekesho kimoja. Mtu wa Magogoni, Mombasa, hapa ndipo akaapo.

Tarehe 1 Juni 2019, sikukuu ya Madaraka, Narok, gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti ya elfu ya zamani mwisho wake 30 Septemba. Zilikuwa noti milioni 217. Benki Kuu ilipofunga hesabu, milioni 7 na ushei hazikuwa zimerudi, shilingi bilioni 7.4 zimegeuka karatasi. Wengi tulishangilia; tulisema ni za mafisadi zilizoozea magodoroni.

Kumi na nne zilikuwa za Nyanya. Mamangu alizikuta Oktoba, chini kabisa ya kasha la njumu, zimefungwa kwenye pembe ya leso fundo mbili. Za sanda na maziko, asizikwe kwa mchango. Tulikaa jikoni watu watatu, mlango tumeurudisha, chai yapoa. Mjomba alitoa noti sita, mamangu tano, mimi tatu, nami nilikopa mbili. Mamangu alizifunga kwenye leso ile ile. Fundo alifungua akafunga mara nne, kwa kuwa Nyanya hufunga kwa mkono wa kushoto na la kulia halifanani. Tukamwambia benki imezibadilisha. Akazihesabu. Akaigeuza moja, akakiona kile kisanamu cha Kenyatta mbele ya jumba la KICC, akasema, "Kichwa wamemuondoa, wamemrudisha mzima." Katiba ya 2010 yakataza sura ya mtu kwenye noti; kwa kisanamu hicho watu walikwenda mpaka mahakamani, na bibi yangu alilimaliza jambo kwa maneno manne.

Za zamani ninazo mimi. Moja ndiyo alama ya daftari hili.

Jumanne, 24 Desemba

Usiku wa joto, mbu tele. Nimepata aya nzuri, huenda mhariri akaikata. X Filme, kampuni iliyotengeneza picha hii, Becker aliianzisha mwaka 1994 pamoja na Tom Tykwer na wenzao wawili. Tykwer huyo huyo ndiye aliyekuja na mkewe, Marie Steinmann, wakashirikiana na vijana wa Nairobi, zikatoka Soul Boy, Nairobi Half Life, na mwaka 2018 Supa Modo ya Likarion Wainaina. Ndani ya Supa Modo kuna mtoto wa miaka tisa, Jo, yuwafa, na kijiji kizima chajifanya kwamba ana nguvu za ajabu ili aage akiwa shujaa. Alex mmoja amekuwa kijiji. Sisemi wameiga, uongo wa namna hii hauhitaji kuletwa na ndege. Niulize mimi ni matanga mangapi nimewahi kuambiwa, "usimwambie kwanza, mwache ale."

Jumanne, 31 Desemba

Seyyid Jamshid, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, amefariki jana, Oman, miaka 95. Mjomba kapiga simu alfajiri: Nyanya asijue. Nikamuuliza kwani ni jamaa yake? Akasema wewe hujui.

Kweli nilijua nusu. Nyanya alikuwa na miaka 15 Desemba 1963, bendera nyekundu ya Sultani iliposhushwa Ngome ya Yesu. Mwambao huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani kwa karatasi, ukatiwa sahihi London mwezi Oktoba uwe wa Kenya. Babake Nyanya alikuwa miongoni mwa waliotaka Mwambao usimame wenyewe. Siku ile alifunga madirisha mchana. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari, Zanzibar ikapinduliwa, na Jamshid akaja mpaka Mombasa ndani ya meli yake, Seyyid Khalifa, serikali mpya ya Kenya ikamkataza kushuka. Akaenda zake Dar es Salaam, na kutoka hapo Uingereza, akaa huko zaidi ya nusu karne. Ruhusa ya kuhamia Oman aliipata 2020.

Saa nne nampelekea uji. Ameshika tasbihi.

"Seyyid wamemzika?"

Redio ya jirani. Nikamwambia nafikiri wamemzika.

"Alikuwa kijana mzuri. Mjomba wako asijue kama nimesikia, ana presha yule."

Ijumaa, 3 Januari 2025

Makala nimeipeleka. Aya ya Supa Modo imekatwa.

Leo baada ya Asri tumemaliza picha. Nyanya aliitaka mwenyewe: "Yule mama alipona?" Nikasema tutaona.

Pale mwuguzi Lara, mchumba wake Alex, anapomnong'oneza Christiane ukweli, sauti haisikiki vizuri, waonekana kwa kioo cha mlango. Sikufasiri, hapakuwa na la kufasiri. Kisha habari ya mwisho ya Denis: dereva wa teksi anayefanana na mwanaanga Sigmund Jähn amefanywa kiongozi wa nchi, afungua mipaka, na watu wa Magharibi ndio wakimbiliao Mashariki. Nchi ambayo haijapata kuwako, Alex ameitunga kwa hamu yake mwenyewe. Hiyo sentensi iko kwenye makala, na wahakiki wengi wamefika hapo kabla yangu.

Nyanya alinikamata mkono. "Mama haangalii televisheni."

Nikarudisha nyuma. Kweli. Televisheni yasema, na Christiane amtazama mwanawe, uso umejaa. Picha hii nimeiona mara nne, na makala imeshakwenda.

Zimebaki dakika chache, na sauti ya Alex yasimulia kifo cha mamake. Nikafasiri: amelala, amechoka kwa safari. Kisha wakapanda juu ya paa wakarusha kiroketi cha kuchezea, majivu ya mama yamo ndani. Kuchomwa maiti sikuweza kumtamkia.

"Na fataki hiyo?"

"Ya sherehe, Nyanya."

"Haya."

Akanyamaza kitambo. Akaniambia nimletee leso iliyo kashani. Akaifungua fundo kwa mkono wa kushoto, akazipanga noti juu ya shuka moja moja, akizilainisha kwa kidole gumba, mpaka kumi na nne.

"Hizi za mchango wenu," akasema. "Na zangu mwazitia wapi?"

Nimemletea zote kutoka ndani ya bahasha, na hii iliyokuwa hapa. Amezikunja na zile mpya pamoja, akafunga fundo mbili. Ukurasa huu nimeukunja pembe.