Hifadhidata juu ya faili: ya nini?

Haya, tuliongee hili. Mwaka 2003 Microsoft walitangaza WinFS, hifadhidata juu ya mfumo wa faili, ili utafute picha na barua kwa sifa zake badala ya kukumbuka folda. Mwaka 2006 wakaizika. Apple nao walitoa Spotlight mwaka 2005: faharasa ya kutafutia, kando tu, faili zikabaki zilipo.

Mimi niko upande wa faharasa. Ikiharibika, tarakilishi huijenga upya kutoka kwa faili zenyewe. Lakini maelezo yaliyo kwenye hifadhidata pekee hubaki nyuma ukinakili faili kwenye flashi. Ndiyo maana kazini huandika tarehe na mradi kwenye jina la faili. Jina husafiri. Wewe wafanyaje?