Kimya cha Saa za Masomo

Miaka ya themanini pale Tabora, mzazi akionekana shuleni saa za masomo, darasa zima lilijua kuna msiba au kuna kesi. Tulimwona mtu mzima anakatiza uwanja wa paredi, tukaanza kutazamana, kila mmoja akiomba moyoni asiwe wake. Asipotokea mtu, basi kwenu ni salama. Ukishatoka nyumbani na ufagio wako na kidumu cha maji, mama ameshakukabidhi kwa walimu. Habari zako atazipata jioni, tena kwa kukukagua magoti na kola ya shati.

Baba alikuwa dereva wa treni. Shirika la Reli Tanzania lilianza 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na yeye alikuwa kijana kazini. Tabora ndipo reli ya kati inapogawanyika: njia moja inaelekea Kigoma, zaidi ya kilomita 400, nyingine inapanda Mwanza. Aende huku au kule, baba akiondoka hatukumwona kwa siku kadhaa. Lakini alikuwa na namna yake ya kupiga honi kwenye kivuko cha karibu na shule: mbili fupi, kisha moja ndefu inayokatika ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo. Mwalimu anaandika hesabu ubaoni, mimi nasikiliza honi. Dada yangu alikuwa darasa la sita, chumba cha tatu kutoka chetu, na najua naye alisikia, kwa sababu tukirudi nyumbani hakuna aliyeuliza baba yuko wapi. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mzee kama ile honi ilikuwa ya kwetu. Akasema honi ni kanuni ya kazi, pale watu wanavuka na ng'ombe. Mama alikuwa anaondoa vyombo. Alicheka, akaingia jikoni na sinia lake.

Mama alikuwa na meza sokoni. Asubuhi alitutilia michembe mfukoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo ukivila vikavu unatafuna hadi taya linauma. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya mchana kutwa. Nje ya uzio wa shule, chini ya mwembe, alikaa bibi mmoja wa karanga. Alizipima kwa kifuniko cha chupa, akakumiminia kiganjani. Sisi tulimwona muuzaji tu.

Leo nafundisha historia, na kila mwaka napeleka wanafunzi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Watoto wanataka kuona sanduku na ramani. Mimi huwasimulia habari ya mfuko wa barua. Mfuko huo ulifungwa Unguja kwa ajili yake ukiwa na tarehe 1 Novemba 1870, ukabebwa na wapagazi, ukakwama pwani, kisha ukakwama tena hapa hapa Unyanyembe kwa sababu ya vita vya Mirambo na Waarabu. Stanley aliukuta hapa, akauchukua hadi Ujiji, na Livingstone akaupokea mwishoni mwa 1871. Mwaka mzima. Stanley anaeleza kwamba katika rundo lile mzee alitoa kwanza barua za wanawe, akasoma moja mbili huku uso ukimng'aa. Alikuwa baba aliyewahi kukiri kwamba alijuta kutocheza na watoto wake walipokuwa wadogo, na mmoja wao, Robert, alikuwa amekwisha kufa Marekani mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Wanafunzi humhurumia Mzungu. Huwauliza, na mpagazi je? Baba wa babu yangu alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, na Wanyamwezi waliondoka kiangazi ili wawahi kurudi kulima. Wapo waliofuatana na wake zao na watoto wao njia nzima. Walioacha watoto nyumbani hawakuandikiwa barua na mtu. Salamu zilikuja na msafara uliotangulia, mdomo kwa mdomo, na msafara ukichelewa watu walilima. Babu aliposimulia hayo hakuwa na huzuni yoyote sautini, nami kwa muda mrefu nilidhani watu wale hawakuwa na wasiwasi. Hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mambo hayakubadilika sana kwa wazazi. Nyerere alipoletwa Shule ya Tabora mwaka 1937, mama yake, Mgaya, alibaki Butiama, ng'ambo ya ziwa na reli, na hakuna aliyemtumia habari kwamba leo mtoto kala maharage.

Mimi nilianza kazi katika shule moja ya kata, wakati shule hizo zinachipua kila mahali baada ya mpango wa sekondari wa 2004. Nyingi hazina mabweni. Wanaotoka vijiji vya mbali hupanga chumba karibu na shule, wawili au watatu, wanapika wenyewe, wanalala wenyewe. Wanaita geto. Mtoto wa miaka kumi na minne ana ufunguo wa mlango na debe la unga, na mzazi yuko umbali wa siku nzima kwa baiskeli. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Basi simu ya mwalimu ikawa simu ya wote. M-Pesa ilipoingia mwaka 2008 ikawa na benki pia: kurasa za nyuma za daftari langu la maandalio zilijaa majina na fedha, elfu tano ya sabuni, elfu kumi ya mafuta na daftari. Kazi hiyo haina posho, na ukikosea mia tano utasikia.

Mama mmoja, mkulima wa tumbaku upande wa Urambo, alizoea kunipigia saa nne, wakati wa mapumziko. Kwake mtandao unashika juu ya kichuguu, tena upande mmoja wa kichuguu. Hakusema moja kwa moja anataka nini. "Mwangaluka, mwalimu," kisha habari za nyumbani, za mzee, za watoto, huku upepo unavuma kwenye simu na salio linayeyuka. Mwishowe nikawa nakata, napiga mimi. Binti anakuja mbio, anafuta mikono kwenye sketi, na akishika simu anapiga goti kidogo, mama yake yuko huko Urambo.

"Shikamoo mama."

Najua anaitikiwa, kwa sababu anatabasamu. "Nimekula." Kimya. "Ndiyo." Kimya. "Amezaa? Wangapi?" Hapo ndipo uso unafunguka. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja mweupe. Wanazungumza mbuzi hadi kengele, kile kipande cha reli kinachogongwa na nondo, na binti ananirudishia simu kwa mikono miwili. Yule mama hakuwahi kuniuliza alama za binti yake hata mara moja. Wazazi wengine waliniuliza alama tu. Mimi nina msimamo wangu juu ya nani kati yao aliyekuwa anazungumza na mtoto.

Wa kwangu anasoma mjini, shule ya binafsi. Basi la shule linamchukua kabla jua halijachomoza, nami nadandia daladala kwenda kufundisha watoto wa watu. Kundi la wazazi la WhatsApp linaanza kuchangamka saa moja. Msimamizi amekataza salamu za asubuhi, lakini maua na "Alhamisi njema" hayakatazwi na mtu. Kina baba huonekana siku ya ada. Saa nne mwalimu wa darasa anatuma picha ya watoto wanakunywa uji. Niko ofisini na rundo la madaftari, navuta picha kwa vidole viwili: amevaa sweta? Kikombe kimejaa? Mbona amekaa pembeni? Mama yangu hakuwahi kujua nilikaa wapi wakati wa uji. Mimi najua, na kujua huko hakunisaidii kitu, kwa sababu siwezi kutoka shuleni kwangu, Barabara ya Urambo, kwenda kumsogeza katikati ya benchi. Nabaki na picha, na ile hisia kwamba mama mwingine angekuwapo.

Kuna siku picha haikuja. Saa tano hakuna kitu. Mmoja akauliza, wa pili akaweka alama za mshangao, wa tatu akakumbusha habari za basi lililopinduka mkoa mwingine. Ilipofika saa sita tukaambiwa bando la mwalimu liliisha. Lakini kufikia hapo baba mmoja alikuwa ameshapanda bodaboda hadi shuleni. Jioni mwanangu alinisimulia kwa kupitia tu, kati ya habari za mpira na za kalamu iliyopotea: baba wa fulani alikuja, akasimama mlangoni, akamwangalia mtoto wake, akaondoka. Nikamwuliza, hamkuogopa? Akanishangaa. Tuogope nini?

Niliyapeleka haya kwa mama, maana nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba enzi zao walituamini, walitulia. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Nani alikwambia nilitulia? Zile karanga alizouza yule bibi unadhani alizitoa wapi?"

Zilikuwa zetu. Mama alimpa kwa mkopo kila Jumatatu, kwa bei ambayo sokoni asingempa mtu, na jioni bibi akipita mezani kwake kurudisha hela, alimweleza: mdogo leo alilia, mkubwa kapigana, yule wa kati hakununua kitu, huenda anaumwa. Ndiyo maana tulipofika nyumbani dawa ya kidonda ilikuwa imeshachanganywa, nasi tukaamini mama anaona kupitia ukuta. Niliuliza baba alilijua hilo. Alilijua, na yeye alipenda karanga.

Wadogo zangu wakamnunulia mama simu, ya vitufe, yenye sauti kubwa. Alijifunza kupiga kwa siku moja, kupokea bado kunamshinda. Sasa saa nne hunipigia mimi kuuliza kama nimekunywa chai. Nikimnong'oneza kwamba niko darasani, anauliza darasa gani, na wakoje, na wamekula.