Sindano Yenye Macho

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo alivyokuwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili alipoketi katika kliniki moja mjini Mombasa, goti lake la kulia limevimba mfano wa dafu, huku daktari kijana akitayarisha sindano. Miaka miwili awali, mahali pengine, sindano kama hiyo ililipekua goti lilo hilo mara tatu bila kutoa hata tone la maji. Tangu siku hiyo mwalimu aliapa kwamba hatadungwa tena, na baridi yabisi ilipozidi akawa anaswali kitini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nawe leo utabahatisha?"

Swali hilo halikuwa la utani. Tangu mwaka wa 1951, Joseph Hollander wa Marekani alipochapisha matokeo ya kudunga haidrokotizoni viungoni, matabibu wengi wameongozwa na vidole: hupapasa mfupa, hukisia uwazi, kisha hudunga. Stadi hiyo si ya kubezwa, kwani imewafaa wagonjwa wengi. Hata hivyo, kidole hakioni. Uvimbe unaodhaniwa kuwa maji huenda ukawa utando ulionenepa, na sindano ikaishia kwenye mafuta.

Daktari alipaka ute baridi juu ya goti, akaweka kichwa cha mashine ya altrasaundi, kisha akakigeuza kioo kimwelekee mgonjwa. Alieleza kwamba sikio la binadamu hukoma kwenye takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali mashine hiyo hutoa sauti yenye mitetemo mamilioni. Sauti ikigonga mfupa hurudi kwa nguvu, na mfupa huonekana mweupe. Ikipita majini hairudi, na maji huonekana meusi.

"Kumbe ni mwangwi," mwalimu akasema.

"Naam, Mwalimu. Ni mwangwi unaochora picha."

Hapo ndipo alipokubali. Hakukubali kwa kuliheshimu koti jeupe, bali kwa kuwa alifahamu kinachotaka kutendwa mwilini mwake.

Sindano iliingilia ubavuni, juu kidogo ya pia ya goti. Kiooni ilionekana kama uzi mweupe ukiliendea ziwa jeusi lililojificha kando ya utando mnene. Bomba likajaa maji ya manjano, na ziwa likanywea mbele ya macho ya mwenyewe. Sehemu ya maji ilitengwa ili ipelekwe maabara, kisha dawa ikafuata.

"Basi nimepona?"

"La, Mwalimu. Mashine huonyesha njia, haiahidi uponyaji. Dawa hii itatuliza uvimbe kwa majuma kadhaa, pengine miezi. Ugonjwa wenyewe wahitaji vidonge vyako vya kila siku."

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Tafiti zimeonyesha kwamba uelekezi wa altrasaundi huongeza usahihi wa kukifikia kiungo, hasa kilicho kidogo kama vya vidole, au kilichozama kama nyonga. Iwapo usahihi huo humletea mgonjwa nafuu ya kudumu zaidi, hilo lingali linajadiliwa.

Yamkini wanaistilahi nao watajadili iwapo kifaa hicho kiitwe altrasaundi au kwa jina jingine lenye asili ya Kibantu. Mjadala huo una thamani yake. Ila katika chumba kile, neno lililofanya kazi lilikuwa kongwe, na alilitamka mgonjwa mwenyewe. Lau kioo kingegeuziwa daktari peke yake, sindano ingeona, naye mwalimu angebaki gizani.

Ijumaa iliyofuata alikisogeza kiti kando, akajaribu kusujudu. Goti lilikubali, japo kwa shingo upande.